Usiku wa Kumuenzi Serge Gainsbourg: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mashabiki wa muziki wa indi wanapokutana na kulitaja jina la Serge Gainsbourg, maswali huwa yale yale, na mengi huzunguka usiku mmoja wa Agosti 2011 jijini Los Angeles. Majibu yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Msomaji anaelekezwa kwenye swali linalohusika.

## Mambo ya msingi

Serge Gainsbourg alikuwa nani?

Alizaliwa Paris tarehe 2 Aprili 1928 kwa jina la Lucien Ginsburg, pamoja na pacha wake Liliane, katika familia ya Kiyahudi iliyokuwa imekimbia Urusi baada ya mapinduzi. Baba yake alikuwa akijipatia riziki kwa kupiga piano kwenye kumbi za starehe za usiku, na ndiye aliyemfundisha mwanawe kinanda. Wakati wa utawala wa Wanazi mtoto huyo alilazimishwa kuvaa nyota ya njano kifuani. Ujanani alitaka kuwa mchoraji, akaiacha brashi, akarudi kwenye piano ya baba yake, na mwaka 1958 akatoa santuri yake ya kwanza. Alifariki Paris tarehe 2 Machi 1991.

Kati ya miaka hiyo hakukaa na mtindo mmoja. Alianza na jazi, akahamia kwenye ngoma, akaingia pop, akaenda Jamaika kurekodi rege, akamalizia na fanki ya miaka ya 1980. Aliwaandikia wengine pia, na wengi humjua kwa njia hiyo bila kujua kwamba wanamjua: wimbo alioshinda nao France Gall katika mashindano ya Eurovision mwaka 1965, akiiwakilisha Luxembourg, ni wa Gainsbourg.

Usiku unaozungumziwa ni upi hasa?

Ni Jumapili, tarehe 28 Agosti 2011, katika ukumbi wa wazi wa Hollywood Bowl, ambao tangu mwaka 1922 umekuwa ukipokea hadhira chini ya vilima vya Los Angeles na unaingiza watu wapatao 17,500. Ilikuwa imetimia miaka 20 tangu Gainsbourg afariki na miaka 40 tangu albamu yake ya Histoire de Melody Nelson itoke. Kiini cha usiku huo kilikuwa kuipiga albamu hiyo jukwaani, kwa okestra na kwaya, chini ya uongozi wa Jean-Claude Vannier, mtu yule yule aliyeipangia muziki wake mwaka 1971.

Wengi huuchanganya na usiku wa London wa mwaka 2006, katika ukumbi wa Barbican, ambapo Vannier huyo huyo aliipiga albamu hiyo hiyo akiwa na waimbaji kama Jarvis Cocker, Gruff Rhys, Mick Harvey na Brigitte Fontaine. Ule wa London ulitangulia, na kwa maoni yangu ndio uliofungua njia, kwa kuwa ulionyesha kwamba kazi iliyotengenezwa studio, na ambayo watu wengi waliidhania haipigiki mbele ya hadhira, inapigika.

Muziki wa indi unahusianaje na Mfaransa wa miaka ya 1960?

Kwa asili indi ni muziki wa wanaojitegemea nje ya kampuni kubwa, ingawa siku hizi jina hilo limekuwa la mtindo zaidi kuliko la mkataba. Katika miaka ya 1990 wanamuziki wa namna hiyo, Uingereza na Marekani, walikuwa wakichakura maduka ya santuri za mitumba wakitafuta sauti ambazo redio haikuwapa. Humo ndimo walimokutana na Gainsbourg. Kundi la Luna la New York liliurekodi upya wimbo wake wa Bonnie and Clyde mwaka 1995 pamoja na Laetitia Sadier wa kundi la Stereolab. Mick Harvey, aliyekuwa kundi moja na Nick Cave, alitoa mwaka huo huo albamu nzima ya nyimbo za Gainsbourg kwa Kiingereza, akaifuatishia nyingine mwaka 1997. Kufikia mwaka 2006 ilipotoka albamu ya pamoja ya Monsieur Gainsbourg Revisited, walioshiriki walikuwa Portishead, Franz Ferdinand, Cat Power, Michael Stipe na wenzao wa kiwango hicho.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wengi wao hawakujua Kifaransa. Waliingia kwa mlango wa sauti: gitaa la besi, ngoma kavu, fidla zinazotokea ghafla na kutoweka. Athari zake zinaonekana katika kila usiku wa aina hii, na ndizo zinazozaa maswali ya sehemu ya tatu na ya nne.

Kwa nini Los Angeles, na si Paris?

Paris ilikuwa na kumbukumbu zake. Los Angeles ni nyumbani kwa mwanamuziki Beck, naye alikuwa miongoni mwa vinara wa jukwaa la usiku ule. Uhusiano wake na Gainsbourg ni wa wazi: wimbo wake wa Paper Tiger, katika albamu ya Sea Change ya mwaka 2002, umejengwa kwa besi na fidla zinazoifuata Melody Nelson nyayo kwa nyayo, na mwaka 2009 ndiye aliyemtayarishia Charlotte Gainsbourg, binti wa Serge, albamu ya IRM.

## Albamu na jukwaa

Histoire de Melody Nelson inahusu nini?

Ni hadithi moja iliyogawanywa katika nyimbo saba, na yote huchukua takriban dakika 28 tu. Mwanamume wa makamo anaendesha Rolls-Royce ya zamani usiku, anamgonga msichana wa Kiingereza aliyepanda baiskeli, anampenda, anampeleka kwenye jumba la kifahari, kisha msichana anaikumbuka Sunderland kwao, anapanda ndege ya mizigo ili arudi, na ndege inaanguka. Katika wimbo wa mwisho mwanamume huyo anawakumbuka watu wa Nyugini waliokuwa wakizisubiri ndege zidondoke na mali zake, naye anabaki akisubiri ndege nyingine ianguke, imrudishie Melody. Umri wa msichana ni jambo zito. Tazama swali lake katika sehemu ya nne.

Ilipotoka Machi 1971 albamu hiyo haikuuzika sana. Mwanamke aliye kwenye jalada, amevaa wigi jekundu na amekumbatia tumbili wa kuchezea kifuani, ni Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji wa Kiingereza aliyekuwa mwenzi wa Gainsbourg, naye alikuwa na ujauzito wa Charlotte wakati picha inapigwa. Tumbili huyo alisaidia kuuficha ujauzito huo.

Nifanye nini ili nisikie kile ambacho mashabiki wanakisifia?

Vaa spika za masikioni na uanze na wimbo wa kwanza, unaoitwa Melody, usiuchanganye na kazi nyingine. Besi inaingia peke yake, kwa sauti ya chini iliyo karibu mno, ikionekana kama inajisemea. Ngoma zinafuata bila haraka. Gitaa linakwaruza pembeni, linanyamaza, linakwaruza tena. Gainsbourg haimbi, anazungumza mdomo ukiwa karibu kugusa kipaza sauti, hata pumzi yake inasikika ikiingia na kutoka. Halafu, wakati umeshazoea kwamba hakuna kingine kitakachotokea, fidla nyingi zinainuka kwa pamoja kutoka nyuma yake, zinamfunika, na kabla hazijamaliza zilichokianza zinajiondoa, zikimwacha na besi yake. Mchezo huo wa kujaa na kupwa unaendelea kwa zaidi ya dakika saba.

Ukishausikia, rukia moja kwa moja kwenye wimbo wa saba, Cargo culte. Ni besi ile ile imerudi, lakini safari hii kinachoinuka nyuma yake ni kwaya. Anayesikiliza nyimbo hizo mbili tu ameshaelewa kwa nini usiku wa Hollywood Bowl ulihitaji okestra na kwaya kamili, na kwa nini bendi ya watu wanne ikijaribu albamu hii mara nyingi hubakia na mifupa yake.

Jean-Claude Vannier ni nani, na kwa nini jina lake hutajwa sana?

Ni mpangaji wa muziki, mzaliwa wa mwaka 1943, aliyeshirikiana na Gainsbourg kwanza katika muziki wa filamu mwishoni mwa miaka ya 1960. Katika Melody Nelson yeye ndiye aliyeandika sehemu za fidla na kwaya, na baadhi ya nyimbo walizitunga kwa pamoja. Mwaka 1972 alitoa albamu yake ya ajabu isiyo na maneno, L'enfant assassin des mouches, ambayo ilikuwa adimu hadi kampuni ndogo ya Uingereza ilipoitoa upya katika miaka ya 2000. Tangu hapo mashabiki wa indi wakamjua kwa jina.

Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba usiku wowote wa kuipiga Melody Nelson bila kumtaja Vannier ni nusu ya heshima. Ukiondoa maneno na sauti ya Gainsbourg, kinachobaki kwenye albamu bado kina uhai. Ukiondoa alichokiandika Vannier, kinabaki kisa cha ajali ya barabarani. Usiku wa 2011 ulimweka mtu huyo mbele ya okestra, akiwa na umri wa miaka 68, na kwangu hicho ndicho kilichoupa uzito.

Nani alipiga ile besi?

Hili ni swali ambalo mashabiki wamelibishania kwa miaka mingi. Muziki wa msingi ulirekodiwa London na wapigaji wa kukodiwa, na jalada halikuwataja. Kwa muda mrefu watu walimpa Herbie Flowers sifa hizo, mpigaji mashuhuri wa Kiingereza, hadi ilipobainika kwamba ni Dave Richmond. Aliyepiga gitaa ni Alan Parker, ambaye si mtengenezaji wa filamu mwenye jina hilo hilo. Fidla ziliongezwa baadaye Paris. Kwa kawaida ya wakati ule mpigaji wa studio alilipwa kwa kikao, akaondoka na ala yake, na wakati mwingine hakujua hata wimbo utaitwaje.

Ni akina nani wengine walipanda jukwaani mwaka 2011?

Pamoja na Beck walikuwapo Sean Lennon, Mike Patton, Zola Jesus, Victoria Legrand wa Beach House, Ed Droste wa Grizzly Bear, mwigizaji Joseph Gordon-Levitt, na Lulu Gainsbourg, mtoto wa mwisho wa Serge, aliyezaliwa mwaka 1986 na ambaye mwaka huo huo wa 2011 alitoa albamu ya nyimbo za baba yake.

Orodha hiyo ndiyo iliyowavuta vijana wengi ambao hawakuwa wamewahi kumsikiliza Gainsbourg. Wazee wa muziki wa Kifaransa hulalamika kwamba watu huja kwa ajili ya Beck. Sioni ubaya. Mtu akija kwa ajili ya Beck akaondoka na Vannier, hakupoteza tiketi yake.

## Lugha na maana

Je, ni lazima nijue Kifaransa?

Kufurahia, hapana. Kuelewa kwa nini Wafaransa wanamwita mshairi, ndiyo, au angalau uwe na rafiki wa kukufafanulia. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura aliyesoma shule kwa Kifaransa ana faida ambayo shabiki wa Los Angeles hana.

Chukua mfano wa La Javanaise, wimbo wa mwaka 1963. Jina lake linasikika kama la msichana wa kisiwa cha Java, lakini pia linagusa javanais, lugha ya mafumbo ya vijana wa Kifaransa ambamo silabi ya "av" hupachikwa ndani ya maneno, hata "bonjour" ikawa "bavonjavour". Aliyekulia uswahilini hahitaji maelezo marefu hapa, maana sisi tuna kinyume: silabi ya mwisho inarushwa mbele, "nyumba" inakuwa "mbanyu", "kitabu" kinakuwa "bukita", na mtu mzima aliyekaa pembeni anabaki ametumbua macho. Gainsbourg hakuuandika wimbo wake kwa lugha hiyo moja kwa moja; alichofanya ni kuchagua maneno ya kawaida yaliyojaa sauti za "v" na "av", mstari hata mstari, hadi wimbo wa mapenzi ukasikika kama siri ya watoto. Tafsiri ya Kiingereza hubeba mapenzi na kuiacha siri.

Waimbaji wa indi huimba kwa Kifaransa au kwa tafsiri?

Njia zote mbili hutumika. Albamu ya pamoja ya mwaka 2006 iliyotajwa juu ilichagua Kiingereza, na kwa maoni yangu matokeo yake yanapanda na kushuka: pale mfasiri alipothubutu kuandika upya wimbo unasimama, na pale alipofuata neno kwa neno wimbo unachechemea. Mick Harvey ndiye aliyekaa na kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko wote, albamu nne kati ya mwaka 1995 na 2017, na uvumilivu wake unasikika.

Kuimba Kifaransa kwa lafudhi ya kigeni si dhambi. Jane Birkin aliimba hivyo maisha yake yote, na Wafaransa waliipenda lafudhi yake ya Kiingereza kiasi kwamba hakuna aliyetaka airekebishe.

Kwa nini anazungumza badala ya kuimba?

Sauti yake haikuwa kubwa, naye alilijua hilo. Kadiri miaka ilivyokwenda aliiacha melodi kwa ala na kwa waimbaji wa kike, yeye akabaki na mdundo wa maneno. Ndiyo maana watu wa rap walimwelewa mapema: MC Solaar, aliyezaliwa Dakar na kukulia Ufaransa, aliijenga Nouveau Western mwaka 1993 juu ya Bonnie and Clyde.

## Maswali magumu

Je, ni kweli kwamba aliiba muziki wa Kiafrika?

Neno ni kali, lakini ukweli wenyewe si mpole. Mwaka 1964 alitoa albamu ya Gainsbourg Percussions, yenye ngoma na waitikiaji wa kike, na jalada lilimtaja kuwa ndiye mtunzi. Anayemfahamu Babatunde Olatunji, mpiga ngoma wa Nigeria aliyeishi Marekani, atashtuka akiisikiliza. New York U.S.A. ni Akiwowo, Joanna ni Kiyakiya, na Marabout ni Jin-go-lo-ba, zote kutoka albamu ya Olatunji ya Drums of Passion ya mwaka 1960. Pauvre Lola nayo inaegemea Umqokozo wa Miriam Makeba. Siyo suala la kufanana kwa mbali. Weka Akiwowo na New York U.S.A. zifuatane: mwito ni ule ule, kiitikio kinaangukia pale pale, kilichobadilika ni kwamba badala ya maneno ya Kiyoruba sasa kuna majina ya maghorofa ya New York na urefu wake.

Watetezi wake husema kwamba aliazima kwa kila mtu, na hilo ni kweli: Jane B. ni Chopin, Initials B.B. imechukua kutoka kwa Dvořák, Baby Alone in Babylone ni Brahms. Lakini hao walikuwa wamekufa zamani na kila mwenye elimu ya muziki aliwatambua. Olatunji alikuwa hai, akipiga ngoma jijini New York, na msikilizaji wa Paris hakuwa na namna ya kumtambua. Mwaka 1969 Santana alipourekodi Jin-go-lo-ba kwa jina la Jingo wimbo ulipata umaarufu mkubwa. Kwa hiyo nyimbo hizo hazikuwa zimelala kwenye kabati zikimsubiri mtu wa kuziamsha.

Kwa anayeandaa usiku wa kumuenzi Gainsbourg, pendekezo langu ni jepesi: ukipiga New York U.S.A., tangulia na Akiwowo, na umtaje mwenyewe kwa jina lake kamili. Hadhira haitaondoka, na wapiga ngoma watakushukuru.

Na rege je, nayo aliichukua vivyo hivyo?

Hapana, hapo alikwenda kwa wenyewe. Mwaka 1979 alisafiri hadi Kingston na kurekodi Aux armes et cætera na Sly Dunbar na Robbie Shakespeare, huku Rita Marley, Marcia Griffiths na Judy Mowatt wakiitikia. Wimbo uliobeba jina la albamu ni wimbo wa taifa la Ufaransa kwa mdundo wa rege, na uliwakasirisha wengi, hasa askari wastaafu.

Tarehe 4 Januari 1980 alikuwa atumbuize Strasbourg. Askari wa zamani wa miamvuli walijaa ukumbini na usalama ukawa mashakani, kiasi kwamba wanamuziki wake hawakupanda jukwaani. Akapanda peke yake, akainua ngumi, akaimba ubeti wa wimbo wa taifa bila ala yoyote, kama ulivyo, na hao hao waliokuja kumzomea wakalazimika kusimama kwa heshima. Mwaka 1981 aliununua mnadani mswada wa wimbo huo wenye mwandiko wa mtunzi wake, Rouget de Lisle, ambamo kiitikio kimefupishwa kwa "et cætera". Kumbe hata mtunzi aliandika hivyo.

Umri wa Melody hauwasumbui mashabiki?

Unawasumbua, na unapaswa kuwasumbua. Katika hadithi msichana ana umri wa miaka kati ya 14 na 15, na msimulizi ni mtu mzima. Aliyeigiza sauti yake, Birkin, alikuwa mwanamke wa miaka 24, na msimulizi haachwi bila adhabu, lakini hayo hayafuti kilichoandikwa. Gainsbourg aliurudia uchokozi wa namna hiyo mara kadhaa: mwaka 1966 alimpa France Gall, aliyekuwa bado kijana mno, wimbo wa pipi wenye maana ya pili ambayo mwimbaji mwenyewe hakuijua, na alipoitambua aliumia na kuona amedhalilishwa.

Sikubaliani na wanaosema "zama zilikuwa zile". Sikubaliani pia na wanaotaka albamu ifungiwe. Mtayarishaji mwenye busara huchagua. Wapo wanaopiga Melody Nelson kwa ala tupu, kwaya ikibaki. Wapo wanaoeleza hadithi mbele ya hadhira kabla ya kuanza. Na nyimbo nyingine, kama Lemon Incest ya mwaka 1984, zinaweza kuachwa bila usiku kupungukiwa na chochote.

Je t'aime… moi non plus unaruhusiwa kupigwa hadharani?

Leo hakuna sheria inayouzuia Ulaya wala Marekani. Ulipotoka mwaka 1969, Gainsbourg na Birkin wakiuimba, BBC ilikataa kuurusha na nchi kadhaa zikaupiga marufuku. Uingereza kampuni iliyoutoa iliona haya ikaacha kuuza santuri hiyo ikiwa tayari nafasi ya pili. Kampuni nyingine ikaichukua, na wimbo ukapanda hadi nafasi ya kwanza. Marufuku iliutangaza kuliko tangazo lolote.

Jukwaani tatizo ni jingine. Wimbo huo unategemea minong'ono na pumzi za watu wawili studio. Mbele ya watu elfu moja, waimbaji wawili wasiozoeana wakiujaribu, hadhira hucheka. Mpeni kinanda nafasi hiyo.

## Kwa anayetaka kuandaa usiku wake

Ninahitaji ruhusa ya nani?

Kwa kuupiga wimbo hadharani kama ulivyotungwa, kwa kawaida ukumbi ndio unaopaswa kuwa na leseni kutoka kwa chama kinachokusanya mirabaha katika nchi husika, nacho hupeleka malipo kwa Sacem, chama cha watunzi wa Ufaransa. Muulize mwenye ukumbi akuonyeshe leseni kabla hujalipa arbuni. Kwa sheria ya Ufaransa hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo kazi alizozitunga peke yake zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2061; zile alizoshirikiana na Vannier zitakwenda mbali zaidi.

Naweza kuimba tafsiri yangu ya Kiswahili?

Tafsiri ni kazi mpya inayotokana na kazi ya mwingine, na leseni ya ukumbi haiigusi. Andika kwa wachapishaji wa muziki husika na uombe ruhusa, hasa ukitaka kurekodi. Kama ni kusoma mistari michache kwa Kiswahili kati ya nyimbo ili hadhira ifuate hadithi, fupisha kwa maneno yako mwenyewe badala ya kutafsiri. Hata kwa usikivu ni bora zaidi.

Hatuna okestra. Tuanze na nini?

Achaneni na Melody Nelson. Nyimbo za miaka ya mwanzo, kati ya 1958 na 1963, zilitungwa kwa ajili ya kumbi ndogo na zinakaa vizuri kwa gitaa, besi na ngoma ya brashi. Tazama pia jibu kuhusu Olatunji: mahali penye wapiga ngoma hodari, albamu ya 1964 inaweza kurudishwa kwa wenyewe.

Njia nyingine aliionyesha Birkin. Mwaka 2002, katika albamu ya Arabesque, aliziimba nyimbo za Gainsbourg na wapigaji wakiongozwa na Djamel Benyelles, mpiga fidla wa Algeria, kwa udi na ngoma za Kiarabu. Aliyezoea taarabu akiisikiliza hatajihisi mgeni, na sishangai kwamba kundi lenye udi na fidla lingeifikia roho ya nyimbo hizi haraka kuliko bendi ya magitaa matatu. Birkin aliendelea kuziimba hadi karibu na mwisho wake. Alifariki tarehe 16 Julai 2023.

Je, lazima mwimbaji avute sigara jukwaani?

Hapana. Gainsbourg alivuta Gitanes bila kikomo na moyo wake ulilipa gharama. Anayeiga sigara na ndevu za siku tatu huishia kumwigiza mlevi, na wimbo ukapotea nyuma ya kichekesho.

Nikifika Paris, niende wapi?

Nyumba yake ya 5 bis, rue de Verneuil, ambayo Charlotte aliitunza kama ilivyoachwa, ilifunguliwa kwa umma Septemba 2023; tiketi hukatwa mapema kwa kuwa vyumba ni vidogo. Kaburi lake liko Montparnasse.

Kwa nini watu huacha tiketi za treni na kabichi kaburini?

Kabichi ni kwa ajili ya albamu yake ya 1976, L'homme à tête de chou, mtu mwenye kichwa cha kabichi. Tiketi ni kwa ajili ya wimbo uliomtambulisha mwaka 1958, Le poinçonneur des Lilas, unaomhusu mfanyakazi wa treni ya chini ya ardhi katika kituo cha Porte des Lilas, anayetoboa tiketi za abiria mchana kutwa, matundu madogo, matundu madogo, hadi anafikiria kujitoboa tundu kichwani. Mwezi Juni 2024 njia namba 11 ya treni hiyo ilirefushwa, na kituo kipya huko Les Lilas kikapewa jina la Serge Gainsbourg. Malango yake ni ya umeme. Hakuna mtoboa tiketi.